Uji Ambao Nsimire Hakuuonja

Muhumba, Bukavu
Jumapili, tarehe 9 Septemba 2001

Mpendwa mwanangu Thierry,

Pokea salamu nyingi kutoka kwangu mimi shangazi yako Apolline. Natumaini barua hii inakukuta mzima, kazi ya hospitali haijakuvunja mgongo, na baridi ya Liège bado haijaanza kuuma. Sisi huku tunapumua. Mvua imerudi wiki hii, umeme unakuja unapotaka wenyewe, na wanajeshi bado wanasimamisha watu pale chini kwenye kona. Ukiniuliza afya yangu, nitakujibu kwa urefu, maana safari hii goti langu ndilo lenye habari yote.

Lakini kwanza kaa chini. Kama unasoma hii ndani ya treni, ikunje, irudishe kwenye bahasha, uifungue ukifika nyumbani.

Mama yako amekufa. Alikufa katikati ya mwezi wa sita huko Bunyakiri, kwa kaka yake Mugisho. Wakati huo hakuwa akiishi nami tena. Nilimfukuza mimi, wiki mbili kabla ya Pasaka, nikisema ananitilia sumu kwenye chakula. Hakuwa ananitilia chochote. Na zile barua tatu ulizopata tangu Pasaka, zinazoanza "mimi mama yako Nsimire niko salama", niliziandika peke yangu kwenye meza hii, yeye hayupo. Nilipoandika ile ya tatu alikuwa ameshazikwa, ingawa hilo nilikuwa bado sijalijua.

Utasema shangazi ni katili, kukupa kifo cha mama mara moja hivi, bila hata mtu wa kukushika bega. Ni kweli. Desturi ingetaka nipitie kwa rafiki yako, akuambie mama anaumwa, kesho akuambie anaumwa sana, keshokutwa aje na wenzake wakae nawe. Nimekudanganya miezi mitano, Thierry. Sikuona haja ya kukudanganya siku tatu nyingine kwa ajili ya adabu.

Ndani ya bahasha utakuta pia zile karatasi mbili za mwaliko ulizotutumia, moja yangu ya kuja kupasuliwa tena, na moja yake ya kuja kuniuguza. Narudisha zote mbili. Sababu utaiona ukisoma mpaka mwisho, na nakuomba usome mpaka mwisho hata kama unanichukia.

Goti, basi. Wewe unalijua kuliko daktari yeyote wa hapa. Ni wewe uliyenisukuma kwenye kiti cha magurudumu huko Liège mwaka 1993, ukiwa bado mwanafunzi wa uuguzi, ukiona haya kwamba shangazi yako anamwamrisha profesa wa upasuaji kama mwalimu wa darasa la pili. Walitoa mfupa ulioharibika wakaweka chuma na plastiki. Baada ya miezi mitatu nilikuwa nimerudi Bukavu, napanda ngazi za shule bila kushika ukuta. Walimu wangu walikuwa wamezoea kusikia mkongojo wa directrice, mkuu wao, ukija kutoka mbali, sasa nikaanza kuwakuta wakipiga soga. Ilikuwa miaka mizuri. Chuma hicho kilinifikisha Walungu kwa miguu mwezi wa kumi 1996, mji ulipoanguka, na kikanirudisha. Mama yako alitangulia na godoro kichwani, mimi nikafuata na pochi. Ndivyo tulivyoishi nyumba hii tangu baba yako Gérard alipofariki, na wewe uliona ukanyamaza: yeye na mzigo, mimi na pochi.

Tuliporudi, nyumba ilikuwa imeporwa na vioo vya jikoni vimevunjika. Kile kijitabu cha hospitali yenu kilichoandikwa aina ya chuma changu, waliwashia moto wa kupikia. Ilibaki ile picha kubwa ya radio tu, ya mifupa ya goti. Mama yako akaipachika dirishani mahali pa kioo. Tangu hapo, jua la asubuhi likipiga, goti langu lilikuwa linaonekana juu ya masufuria, mfupa wa kijivu na chuma cheupe, naye aliwaonyesha wageni: "Muangalie, ule njo Madame." Tulicheka wote. Hata mimi nilicheka.

Maumivu yalianza mwisho wa mwaka 1999, miaka sita baada ya kupasuliwa. Miaka sita bila kosa, halafu asubuhi moja naamka goti lina joto kama mkate uliotoka kwenye tanuri. Likavimba, likapoa, likavimba tena. Siku nyingine nilitembea hadi parokia bila shida, na siku ya pili yake sikuweza kufika chooni. Homa ilikuja jioni ikaondoka yenyewe. Ndani ya goti kulikuwa na mlio kama mtu anayetafuna mchanga, na mama yako aliusikia akiwa upande wa pili wa meza.

Nilipigwa picha mara tatu. Daktari wa kwanza akasema ni rhumatisme, baridi yabisi. Wa pili akasema ni umri, na mimi nikamuuliza mbona goti la kushoto lina umri uleule na haliumi. Wa tatu, kijana mwenye viatu vizuri, aliweka picha kwenye mwanga akaniambia: "Maman, prothèse, ile chuma, iko ku nafasi yake. Sioni kitu. Labda ni vita njo inakuumiza mu kichwa." Nikamwambia kichwa changu kiko juu, mkono wake uko chini, kwenye goti. Lakini nilitoka pale nikiwa na hofu ambayo sikuwa nayo nilipoingia. Maumivu yenye jina unaweza kuyatukana, haya yangu sikujua hata niyaelekeze wapi matusi.

Hapa kwetu, daktari akikosa jina la ugonjwa, majirani wanatafuta jina la mtu. Unakumbuka karuho, ile sumu ya polepole tuliyokuwa tukikukataza ukiwa mtoto usipokee hata ndizi ya mgeni. Nilikuwa nikiwakemea walimu wangu waliozungumza habari hizo. Niliwaambia ni ujinga wa watu wasiosoma. Lakini nilisema hivyo nikiwa na magoti mawili mazima.

Micheline, yule binti wa mama yangu mdogo anayekaa nyumba ya pili, ndiye aliyelileta neno sebuleni. Alitazama goti, akatazama mlango wa jikoni, akashusha sauti: "Apolline, ni nani anakupikiaka?" Alijua jibu. Kila mtu alijua jibu. Akanipeleka kwa mzee mmoja anayewatapisha watu kwa majani. Nilitapika hadi nikaona nyota mchana, na katika beseni mzee akanionyesha kitu kama uzi, akaniambia ndiyo hiyo, na aliyeiweka analala chini ya paa lako. Mimi, Apolline, niliyesahihisha madaftari ya nusu ya mji huu, niliangalia uzi wa mboga katika matapishi yangu nikauamini.

Sababu ya kuamini ilikuwa tayari, na wewe una haki ya kuisikia. Nyumba hii aliijenga baba yako. Alipofariki, ukoo uliniweka mimi kuitunza, maana mama yako hakuwa na masomo. Nikachukua chumba kikubwa, yeye nikamwachia kile cha nyuma. Niliposikia "sumu", sikuwa na haja ya kuuliza angefaidika nini. Nilikuwa nimelala miaka kumi na mmoja juu ya kitanda chake. Mwenye kosa ndiye anayejua vizuri wapi atapigwa.

Lakini bado kulibaki kuonja. Huko mnakunywa kila mtu chupa yake, labda umeshasahau. Hapa anayekupa kinywaji anakionja kwanza mbele yako, kisha anakupa. Ni heshima, tena ni uthibitisho. Mama yako alionja kila kilichoingia kinywani mwangu, uji, chai, hata maji ya dawa. Kwa hiyo hata baada ya yule mzee na uzi wake nilikuwa najiambia: anaonja, kwa hiyo si yeye.

Basi Ijumaa moja ya Kwaresima, tarehe 23 mwezi wa tatu, akaniletea uji wa mtama asubuhi. Akauweka juu ya kiti karibu na kitanda, akasimama.

"Kunywa, Madame, ungali moto."

"Onja kwanza."

"Leo hapana, Madame. Leo siwezi onja."

"Juu ya nini?"

Aliangalia chini. Unamjua alivyokuwa akiangalia chini, utafikiri anahesabu vidole vya miguu yake. "Nitakuambia kisha Pasaka," akasema.

Sikuunywa. Siku iliyofuata ikawa hivyohivyo, na siku ya tatu. Analeta, haonji, anasema baada ya Pasaka. Nikampigia Micheline ukelele kupitia ukuta, akaja na kitenge hakijafungwa vizuri. "Kisha Pasaka?" akasema. "Kisha Pasaka utakuwa ulishazikwa!"

Tarehe 31 tukakaa sebuleni, mimi, Micheline, na mdogo wangu Élie ambaye alitoka ofisini kwake na ile gari ya shirika. Mama yako akasimamishwa karibu na kabati. Élie alimuuliza kwa upole, nakiri, kama mtu anayejaza fomu. Kwa nini ulikuwa unaonja miaka yote, na sasa umeacha? Akarudia kisha Pasaka. Je, kuna mtu alikutuma? Akatikisa kichwa. Je, uko tayari kunywa uji huu sasa hivi mbele yetu? Bakuli lilikuwa pale. Mama yako alilitazama, machozi yakamtoka, akasema, "Jua ikishaingia nitakunywa yote, hata sufuria mbili. Mungoje jua iingie."

Élie akatugeukia: "Mulisikia? Anaomba muda, hiyo sumu ipoteze nguvu." Tukakubaliana wote watatu kwamba hiyo ilikuwa akili ya mkosaji. Ilikuwa saa tisa mchana, Thierry. Saa tatu tu. Hatukuweza kungoja saa tatu.

Nikamwambia atoke. Sikupiga kelele, nilitumia ile sauti yangu ya kufukuza mwanafunzi. Alifunga nguo zake katika beseni, akaweka funguo za stoo juu ya meza, akarudi kunipangia mto chini ya goti kama alivyofanya kila siku. Nikausukuma mkono wake. Akateremka kwenda bandarini kutafuta mtumbwi wa Kalehe, na kutoka Kalehe akapanda hadi Bunyakiri kwa kaka yake, katika barabara ambayo hata padri haipiti bila kuuliza mara tatu. Nilijua barabara hiyo ilivyo nilipomtoa.

Akawa ameondoka. Na goti? Goti halikuwa na habari. Kwa wiki moja nilijidanganya kwamba linapoa. Nilimlipa mama mmoja mjane, Bintu, aje kunipikia, na Bintu akawa anaonja kila kitu kwa kijiko kikubwa kiasi kwamba nilibaki na nusu bakuli. Jumatatu ya Pasaka goti lilivimba likawa kubwa kuliko siku zote. Mtu mwenye haki angepiga magoti siku hiyo. Mimi sikuweza kupiga magoti, na hata ningeweza nisingepiga. Nikasema sumu ilishaingia sana.

Halafu barua yako ikafika, unamuuliza mama Pasaka imepitaje. Hakuwahi kujifunza kuandika, wewe unajua, mimi ndiye niliyekuwa mkono wake. Nikachukua kalamu nikajibu kwa jina lake. Nilikuandikia amekula kuku, ameimba, anakuombea. Niliona ni rahisi mno. Ulijibu kwa furaha, ukasema barua za mama zinakupa nguvu. Hukuona tofauti yoyote, na nitakuambia kwa nini, lakini si hapa.

Mwezi wa tano Maman Virginie wa kikundi cha sala cha parokia alikuja kunitazama. Alikaa, akasifu maua, akauliza Nsimire yuko wapi, nikamwambia amekwenda kusalimia kwao. Akasema: "Nilitaka kujua kama ile neuvaine yake ilikusaidia." Neuvaine gani? Akashangaa. Wakati wa Kwaresima, akasema, akina mama wa kikundi walichagua kila mmoja mtu wa kumfungia. Siku tisa, kutoka mapambazuko hadi jua liingie, hata tone la maji lisipite, na kwa sharti moja, usimwambie mtu hadi Pasaka. Mwingine alimfungia mumewe aliyechukuliwa na askari, mwingine mtoto. Nsimire alichagua goti la Madame Directrice. Wenzake walimcheka kidogo.

Siku tisa kuanzia tarehe 23 zinaishia tarehe 31. Ile jioni tuliyomfukuza ilikuwa ya mwisho. Jua lingeingia angekula.

Unataka kujua nilifanya nini baada ya Virginie kuondoka. Nililia, kisha nikachukua karatasi. Niliandika, "Nsimire, nilikosa, rudi nyumbani kwako." Mistari miwili. Kulikuwa na muuza mafuta ya mawese anayepita Bunyakiri, angeifikisha. Na hapo ndipo nikakumbuka kwamba mama yako hajui kusoma. Ingebidi mtu amsomee kwa sauti, pengine mwalimu wa huko, pengine mbele ya watu, kwamba directrice Apolline anaomba msamaha kwa mpishi wake. Niliona aibu. Nikasema nitatafuta mtu wa kuaminika wa kumpelekea neno kwa mdomo. Nikaiweka karatasi ndani ya misale, kitabu changu cha misa, na imo humo hadi leo. Alikuwa na wiki nne bado za kuishi.

Mwisho wa mwezi wa saba mjomba wako Mugisho alibisha mlango. Alikuwa amekonda, amevaa koti la mtu mwingine. Nilipomwona nilijua. Alisema watu wenye bunduki waliingia kijijini katikati ya mwezi wa sita. Nilimuuliza wa upande gani. "Hatukuwaulizaka karte ya kitambulisho, Maman," akanijibu. Walichoma nyumba, watu wakakimbilia msituni. Mvua ilinyesha siku tatu. Mama yako alikuwa anakohoa tangu zamani kidogo, na siku ya tatu kifua kilimfunga. Walimzika kando ya njia ya Hombo, juu kidogo, mahali maji hayafiki. Mugisho ameweka mawe manne na anapajua.

Nikangoja anishtaki. Nilikuwa nimekaa tayari. Badala yake akanishika mikono yote miwili akanishukuru. Alinishukuru kwa kumtunza dada yake miaka kumi na mmoja! Alikuja njia yote ile kunipa pole mimi. Mama yako alikuwa amemwambia amekuja tu kutembea, kula nao Pasaka, na kwamba Madame alimpa ruhusa. Usidhani alikuwa ananitetea. Nimelifikiri sana jambo hili. Mwanamke aliyetajwa kwa sumu, neno hilo linamfuata hadi kwao, na hakuna atakayekula tena mkononi mwake. Alificha ili aweze kuwapikia watoto wa kaka yake.

Bintu alileta kasiksi, ile pombe ya ndizi, katika bilauri. Nikamwambia, "Onja kwanza, kisha umpe muzee." Mugisho akainua mkono. "Acha, mama. Mu hii nyumba dada yangu alikula myaka kumi na moya. Hapa siwezi ogopa kitu." Akaichukua bilauri akainywa yote bila kupumua, huku akinitazama kwa wema. Thierry, nimepigwa na mengi katika vita hivi viwili, lakini sijawahi kupigwa vile. Na hata hapo sikumwambia. Nilimfungia unga na sabuni, nikamsindikiza hadi mlangoni kwa magongo, akaniaga akiniita dada.

Mwezi wa nane daktari mmoja mgeni alipita hospitalini kwa wiki mbili. Hakuangalia picha, aliingiza sindano ndani ya goti akavuta maji mazito ya kijivu yenye harufu. Vijidudu, akasema. Vimejificha kwenye chuma, vinakula polepole, picha haivioni. Nikamuuliza vimeingiaje baada ya miaka sita ya amani. Jino, kidonda, homa yoyote, akasema, au hata sababu ambayo hatutaijua kamwe. Nikamuuliza kama sumu inaweza. Alifikiri ninatania. Akaomba picha ya zamani alinganishe, nikamtuma Bintu aibandue dirishani. Jua lilikuwa limeila. Imebaki karatasi ya kahawia, goti halimo.

Alisema chuma lazima kitolewe mahali penye vifaa, wasafishe, waweke kingine. Ikishindikana kabla ya mwisho wa mwezi wa kumi, watakata mguu juu ya goti hapahapa, kwa sababu homa sasa haiondoki. Ndipo zikafika karatasi zako. Ulikuwa umeshamwona profesa, umeshapata kitanda, umeandika: "Tante, njoo na Mama, nimewapangia chumba kimoja, yeye ndiye anayejua kukuuguza."

Sasa nikuambie uchafu wote. Nilikubali. Siku kumi zilizopita nilikaa hapa kuandika barua ya nne ya Nsimire. Nilikuwa nimeshapanga kila kitu. Nitakuandikia kwamba mama anafurahi sana kuja, kisha nitafika peke yangu, niseme alishikwa na homa njiani, na baadaye, baada ya kupasuliwa, nikiwa nimesimama, nikuambie amekufa. Nilitaka goti kwanza, ukweli utafuata kwa miguu yake.

Niliandika "Mwanangu Thierry", nikakwama. Mama anayekwenda kumwona mwanawe baada ya miaka minane atasema nini? Nilitafuta, sikupata hata neno moja. Ndipo nilipotambua kwa nini barua zangu za uongo hukuzitambua. Hukuwahi kupata barua ya mama yako. Yeye alikaa kwenye kile kiti akasema mambo yake, kuku ametaga wapi, nani kazaa, ameota nini, na mimi nilikuwa naandika Bwana akubariki, jitahidi katika masomo, heshimu wakubwa wako. Niliona maneno yake ni ya kijijini, yatakuaibisha mbele ya wenzako. Miaka minane ulisoma mimi. Kwa hiyo mama yako alifukuzwa katika barua zake kabla sijamfukuza katika nyumba yake.

Barua hiyo ya nne niliichana. Ndiyo maana karatasi zinarudi. Yake haina mtu. Yangu umeiomba bila kujua unamwombea nani, na sitaki kulala katika kitanda ulichonitafutia kwa macho yaliyofungwa. Ukiisha kusoma hii na bado ukaituma tena, nitakuja. Usipoituma, nitajua sababu, na Bintu atanisindikiza kwa daktari mwisho wa mwezi wa kumi. Sikuombi chochote. Nyumba ni yako, nimewaambia hivyo wote mbele ya shahidi, na nimehamia chumba cha nyuma. Godoro lake ni gumu.

Mambo machache yaliyobaki. Mjomba Mugisho hajui. Nitamwambia mwenyewe akija Krismasi, kwa mdomo, na Bintu atakuwepo asikie. Parokia itasoma misa ya mama yako Jumapili ijayo, na jina lake litatajwa na padri, si pamoja na goti langu. Anayekuletea bahasha hii ni Adalbert wa parokia, anapitia Kigali. Hajui kilichomo, usimkasirikie.

Élie anakusalimia, ameacha kuja hapa tangu nilipomwambia habari za neuvaine. Micheline pia ananituma nikusalimie, naye anaendelea kusema huwezi kujua. Bintu anakusalimia ingawa hajawahi kukuona. Wasalimie rafiki zako wote, hasa yule atakayekaa nawe leo, maana nakuomba usikae peke yako. Mungu akushike pale mimi nilipokuachilia. Akupe usingizi, akupe pia hasira ukiihitaji.

Salamu za mama yako zimebaki na mimi tangu mwezi wa tatu, wiki ile ya uji. Alinipa niziandike, nikaandika badala yake kwamba anakuombea afya njema. Alikuwa amenipa hizo hizo mwisho wa kila barua, miaka minane, na mimi nikaziruka kila mara. Leo nakuandikia kama zilivyotoka kinywani mwake:

"Uandike Thierry avale chaussettes mbili-mbili mu viatu. Ule mutoto miguu yake iko baridi tangu nilimuzala. Nilikuwa naishikaka mu mikono yangu mupaka analala."

Anayekupenda, na asiyestahili tena kukuandikia neno hilo,

Shangazi yako
Apolline